Mfasiri wa Bwana Haraka

Simeoni Kiula alikuwa na kazi ambayo mama yake mzazi hakuwahi kuweza kuieleza kwa majirani. Akiulizwa mwanawe anafanya nini huko Singida mjini, mama wa watu alijibu, "Anasema." Anasema nini? "Anasema tu. Serikali inampakia kwenye gari, anakwenda kwa watu, anasema, anarudi." Na wala hakukosea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ofisi ilikuwa na gari la sinema, na gari lilikuwa na dereva mmoja anayeitwa Alphonce, mtu mnene, mwenye kusinzia, ambaye ndiye pia aliyeendesha jenereta na mashine ya kuonyeshea picha. Jua likizama, Alphonce alifunga shuka jeupe kati ya miti miwili au kwenye ukuta wa ghala. Shuka hilo lilishonwa kwa vipande vya kitambaa cha marekani dukani kwa Ladha, mjini, na mshono wake ulipita katikati kabisa, kwa hiyo kila mtu aliyetokea kwenye sinema alikuwa na mstari usoni. Spika aliitundika pembeni ya shuka. Simeoni alisimama kando ya gari, maikrofoni mkononi, suruali imepigwa pasi, akaanza kusema.

Maana sinema zilikuwa za Kiingereza, tena Kiingereza cha mbio, cha watu wanaoongea huku wanatafuna. Simeoni alikuwa amesoma kwa wamisheni na Kiingereza alikijua, lakini alikijua kikiwa kimetulia kwenye kitabu. Kikikimbia namna ile, alishika neno moja, matano yakampita. Sasa afanyeje? Watu wamekaa chini, kijiji kizima, wanamngoja yeye. Basi alijaza. Mzungu akifungua mdomo kule kwenye shuka, Simeoni alimtilia maneno aliyoona yanamfaa. Hapo ndipo Mungu alipomjalia, bwana. Yule mtu alijua kujaza!

Kila mara walianza na sinema ya serikali: jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kuchemsha maji, jinsi ya kupanda pamba kwa mistari. Watu waliivumilia kwa adabu, wakavunja karanga, wakaweka watoto sawa mapajani. Halafu Alphonce alibadilisha mkanda, na kabla picha haijatokea, vijana walikuwa wameshaanza kupiga miluzi. Zamu ya Bwana Haraka!

Bwana Haraka lilikuwa jina alilopewa na Simeoni. La kwao Ulaya hakuna aliyelijali. Alikuwa Mzungu mwembamba mwenye kofia, karani wa ofisi kubwa mjini, mwenye mke na watoto, na kila siku anatoka nyumbani anakimbia na anarudi anakimbia. Siku moja mke wake anachoka, anavua aproni, anamvalisha yeye, anaondoka. Basi hapo ni balaa tupu. Uji unafurika mpaka sakafuni. Pasi inatoboa suruali. Mtoto mchanga anapewa kiko, na bosi ofisini anapewa chupa ya maziwa. Bwana Haraka anaingia kwenye mkutano wa wakubwa na aproni kiunoni, na mtoto analia ndani ya mkoba wa kazi. Halafu anakuja mama mkwe na mwamvuli, na mwamvuli ule haukuletwa kwa ajili ya mvua.

Kule Itigi wafanyakazi wa reli walicheka mpaka wakaachia treni ya mizigo ipige honi peke yake. Kule Rungwa warina asali walitoka porini na moshi nguoni, wakakaa mbele kabisa, na simba aliponguruma upande wa mtoni walimnyamazisha: "Shii! Tusikie!" Sinema moja ile ile, mwaka mzima, na hakuna kijiji kilichosema imechosha.

Sasa, siri ya Simeoni ni kwamba yale maneno matamu aliyomtilia mke wa Bwana Haraka hakuyatunga. Yalikuwa ya mke wake.

Kristina alikuwa Kinyangiri, na watoto wanne, na ng'ombe wachache, na shamba. Tena mwaka ule ambao watu wa vitongoji walihamia kwenye kijiji cha ujamaa, akina mama walimchagua awe kiongozi wao wa shamba la kijiji, kwa hiyo asubuhi alipiga debe kuwaita wenzake, mchana alilima nao, jioni alifyatua matofali ya nyumba yake mwenyewe, maana mwenye nyumba alikuwa Rungwa anasema. Simeoni alipopita nyumbani, siku moja au mbili kisha huyo akaondoka, Kristina alimpa maneno yake yote ya mwezi kwa mkupuo mmoja. Na ulimi wa Kristina, jamani, haukuwa wa mchezo.

"Umerudi, Baba Dina, au umepitia?" Hilo ndilo lilikuwa la kwanza, kabla hata ya kupokea mkoba. Halafu mengine: "Nyumba hii ina mlango wa kuingilia na wa kutokea, wewe unaujua wa kutokea tu." Na, "Kama unaogopa moshi wa jikoni sema, nitakupikia kwa barua."

Mwanamume mwingine angekasirika au angeona haya. Simeoni aliinamisha kichwa, akatia sura ya huzuni, na moyoni alikuwa anasema: hilo zuri, hilo nitalitia pale anapovua aproni. Wiki iliyofuata mke wa Bwana Haraka, mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu na mshono usoni, alisimama mlangoni akasema kwa sauti nyembamba ya Simeoni, "Umerudi, baba, au umepitia?" Watu walianguka. Itigi nzima wakalidaka. Ikawa mwanamume akishuka kwenye treni ya Tabora, mke wake anamngoja pale stesheni na hilo hilo mdomoni.

Kwa hiyo kulikuwa na kijiji kimoja katika mkoa mzima wa Singida ambacho hakijamwona Bwana Haraka, nacho ni Kinyangiri. Kila Kinyangiri ilipoomba, Simeoni alikuwa na sababu. Barabara imekatika. Mkanda unatengenezwa. Shuka limetafunwa na panya. Alphonce alimwangalia tu kwa jicho la usingizi, akasema, "Mwenzangu, panya hao wanajua ratiba."

Halafu mambo yakaja kwa pamoja, kama yanavyopenda kuja. Ijumaa moja Bwana Leonidas, mkubwa wa ofisi, alimwita Simeoni akamkalisha kwenye kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akamwambia kwamba serikali imenunua gari jipya la sinema la kuzunguka Tabora na Kigoma. Mkuu wa gari hilo anatakiwa, na sifa za Simeoni zimefika mbali. Ataondoka Jumatatu. Kurudi? Ah, kurudi ni baadaye, mwaka huu hautoshi.

"Nakubali, mzee," alisema Simeoni.

Alikubali hivyo hivyo, papo hapo. Mdomo ule ulikuwa umezoea kusema kabla kichwa hakijaelewa, na cheo ni cheo, na "mkuu wa gari" si neno la kusikia kila siku. Alipotoka nje ndipo alipokumbuka kwamba wakati wa kupanda alimwahidi Kristina, tena kwa mkono wa kulia, kwamba ataomba kazi ya ofisi ya wilaya Kiomboi, ili awe analala nyumbani. Ofisi ya Kiomboi ilikuwa inatafuta karani kweli. Hakuomba. Kila alipotaka kuomba kulikuwa na safari.

"Na kabla ya kuondoka," Bwana Leonidas alimwita tena dirishani, "kesho mpeleke sinema Kinyangiri. Mwenyekiti wao amelalamika hadi kwa mkuu wa wilaya. Si ndiyo kwenu?"

Njia nzima ya kwenda Kinyangiri Simeoni alikuwa anajipanga. Atamwambia Kristina baada ya sinema. Siyo kabla, ataharibu kazi. Baada ya sinema watu wakiwa wamefurahi, na yeye amefurahi, basi atamwambia taratibu, aanze na neno cheo. Kuhusu yale maneno ya sinema, atabadilisha. Mke wa Bwana Haraka leo atakuwa mpole.

"Utaweza?" aliuliza Alphonce, bila kutoa macho barabarani.

"Kitu gani kitanishinda? Si maneno tu?"

Walifika jua likiwa bado juu. Kristina alikuwa kwenye matofali, khanga imefungwa kifuani, udongo mpaka kwenye viwiko. Alinyoosha mgongo, akalitazama gari, akamtazama mumewe, akasema kile kile.

"Umerudi, Baba Dina, au umepitia?"

Alphonce, aliyekuwa ameshika debe la mafuta, alitoa sauti kama ya ng'ombe aliyekabwa. Akaliweka debe chini, akaenda nyuma ya gari, na bega lake likawa linaonekana likitikisika.

"Mwenzako ana nini?" aliuliza Kristina.

"Vumbi," alisema Simeoni. "Vumbi la njiani baya sana."

Kristina aliosha mikono, akampa maziwa ya mgando na ugali wa uwele, akamwonyesha nyumba. Kuta zilikuwa zimefika juu ya madirisha. Alizijenga yeye na wenzake wa shamba la kijiji, zamu kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Simeoni alizishika, akazisifu, akasema zimenyooka. Zilikuwa zimenyooka kweli, na alijisikia vibaya kidogo, ila hakuwa mtu wa kukaa na kitu hicho kwa muda mrefu.

"Miti ya paa inataka mwanamume wa kuikata," alisema Kristina. "Uliomba Kiomboi?"

"Nitakueleza baada ya sinema."

"Nimeuliza uliomba au hukuomba. Hilo ni jambo la kueleza?"

"Mama Dina, nimesema baada ya sinema."

Kristina alimtazama, akanyamaza. Ukimjua Kristina, kunyamaza kwake ndiko kwa kuogopa. Simeoni akajitafutia pa kuponea, akamwona mtoto wao wa mwisho, Damari, amesimama mlangoni na kipande cha kiazi. Mara ya mwisho alikuwa anatambaa, au alikuwa ameanza kusimama, hakukumbuka vizuri. Akamnyooshea mikono. "Njoo kwa baba!" Mtoto akamtazama kwa makini, akarudi ndani polepole bila kumpa mgongo. Ana haya, alijiambia Simeoni. Watoto wa umri ule wana haya.

Giza lilipoingia uwanja wa ghala ulikuwa umejaa. Walikuja mpaka wa vijiji vya jirani, na viti, na vigoda, na blanketi. Sinema ya choo ikapita salama. Simeoni akaifasiri kwa heshima zote, na mwenyekiti akatikisa kichwa kuridhika. Alphonce akabadilisha mkanda. Hapo ndipo msafara wa akina mama wazee ulipoingia ukitokea upande wa kisima, watu wakawapisha, wakaja wakakaa mbele kabisa, hatua chache kutoka pale alipo Simeoni. Katikati yao, na Damari mgongoni, alikuwa mama yake Kristina. Mama Yunisi. Mkwe wake.

Simeoni akashusha macho haraka.

Kwa Wanyiramba wa wakati ule mama mkwe si mtu wa kutaniwa. Ukikutana naye njiani unaacha njia. Unamsalimia macho chini, kutoka mbali. Jina lake hulitaji, chakula huli naye, na neno la utani mbele yake ni bora umeze jiwe. Tangu aoe, Simeoni hakuwahi kumtazama mama yule usoni. Na katika rili ile ile ya mkanda aliyoifunga Alphonce, baada ya dakika chache, mama mkwe wa Bwana Haraka atashuka kwenye gari na mwamvuli wake. Simeoni alikuwa amemtilia mama yule ulimi wa pilipili, maneno ya kufanya warina asali wa Rungwa wajikunje.

"Alphonce," alinong'ona, "ruka kile kipande."

"Sinema hairukwi. Inakatika."

Basi ikaanza. Mwanzoni alijitahidi. Mke wa Bwana Haraka alipovua aproni kwa hasira na kuitupa, Simeoni akamsemea kwa upole, "Mume wangu, nakuomba unishikie nguo hii." Watu wakatazamana. Kijana mmoja aliyewahi kuiona kule Itigi akapaza sauti, "Siyo hivyo! Anasema umerudi au umepitia!" Kicheko. Kristina, aliyekuwa amesimama nyuma na wenzake, aligeuza kichwa taratibu kumtazama yule kijana.

"Anasema nini?" aliuliza.

"Umerudi au umepitia, mama! Halafu anasema nitakupikia kwa barua!" Kijana wa watu alifurahi kumsaidia.

Simeoni aliona kwa pembe ya jicho khanga ya mke wake ikianza kusogea mbele, ikipenya kati ya watu. Hakuwa na nafasi ya kuogopa, kwa sababu kwenye shuka gari lilikuwa limesimama na mlango unafunguka. Mama mkwe akashuka, na mke wa Bwana Haraka nyuma yake. Akafungua mdomo.

Kimya.

Mdomo wa mama yule ulienda juu na chini, mwamvuli ukanyooshewa Bwana Haraka, na kwenye spika hakukusikika kitu ila jenereta.

"Sauti!" walipiga kelele watu. "Sauti! Mfasiri amelala?"

Simeoni akakohoa. Halafu, kwa sauti ya mtu anayesoma sala, akamsemea: "Mkwe wangu mpendwa, hujambo? Nimekuletea uji."

Na wakati huo huo mwamvuli ukashuka, pwa! kichwani kwa Bwana Haraka.

"Natumaini umelala salama." Pwa! "Ahsante kwa kumtunza binti yangu." Pwa! Pwa! Kofia ikaruka.

Uwanja uliangua kicheko ambacho Alphonce alisema baadaye kilizidi cha Itigi. Watu walilala chini. Mwenyekiti wa kijiji alijifuta machozi kwa kofia yake. Na katikati ya kelele zile Mama Yunisi, ambaye hakuwahi kuona sinema maishani mwake, akauliza wenzake kwa sauti kavu ya kusikika, "Huyu mama anampiga mkwewe huku anamkaribisha uji? Ni desturi ya wapi hii?"

Simeoni alitamani ardhi ifunguke. Badala yake ulifunguka mkono wa Kristina, mbele ya pua yake.

"Lete," alisema.

"Mama Dina, hii ni mali ya serikali…"

"Na maneno je, ni mali ya nani? Lete."

Akampa. Kristina akaishika maikrofoni kwa namna anavyoshika jembe, akatazama shuka, akangoja yule mama mkwe afungue mdomo tena, akamtilia. Lo! Mama yule alimwuliza Bwana Haraka kama amekuja kuoa au kuhesabu watoto. Alimwuliza kama miguu yake ina breki. Mama Yunisi akapiga makofi, maana binti anaweza kumsemea mama yake, hakuna mwiko hapo. Akina mama wa shamba la kijiji wakapiga vigelegele. Bwana Haraka alipotaka kujitetea, Kristina akamsogezea mumewe maikrofoni mdomoni. "Haya, msemee mwenzako."

Ikawa raha. Sikudanganyi, kwa muda ule mfupi ikawa raha tupu. Kristina anamsemea mke, Simeoni anamsemea mume, maikrofoni inakwenda huku na kurudi, na wote wawili wanajizuia kucheka. Simeoni alimtazama mke wake kwa mwanga ule wa shuka, udongo bado umemkauka shingoni, akawaza kwamba hawajawahi kufanya kazi pamoja tangu waoane. Akasahau kabisa habari aliyokuja nayo.

Sinema nayo ikaendelea. Ikafika pale bosi anapomwita Bwana Haraka, anamkalisha kwenye kiti, anampa mkono. Bwana Haraka anarudi nyumbani, anafunga sanduku. Mke wake anasimama mlangoni. Kristina hakuijua sinema hii, alikuwa anasema tu kile anachokiona.

"Unafunga sanduku. Unakwenda wapi?"

"Nimepewa cheo, mke wangu!" alijibu Simeoni, mdomo unateleza wenyewe kama kawaida yake, akitafuta kicheko kinachofuata.

"Cheo gani?"

"Mkuu wa gari!"

"Wapi?"

"Tabora na Kigoma!"

"Lini?"

"Jumatatu!"

Uwanja ulicheka. Kwao ilikuwa nzuri sana hiyo, Mzungu wa Ulaya anakwenda Kigoma. Alphonce peke yake hakucheka, na Kristina. Kristina alibaki na maikrofoni mbele ya mdomo wa mumewe, hajaiondoa. Simeoni alisikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka kwenye ukuta wa ghala, Jumatatu, ndipo akili yake ikafika.

"Mama Dina," alisema, na spika nayo ikasema Mama Dina.

Pale kwenye shuka Bwana Haraka alikuwa amechukua sanduku, amevaa kofia yake, anashuka ngazi. Anakwenda barabarani, mgongo kwetu, anazidi kuwa mdogo. Na kutoka mbele, kwenye mapaja ya bibi yake, Damari akachomoka. Alikimbia mbio na miguu yake mifupi mpaka kwenye shuka, akalikamata kwa mikono miwili, shuka likatikisika na barabara ya Ulaya ikatikisika nayo.

"Baba!" alilia. "Baba, usiende! Baba!"

Watu walicheka tena, Mungu awasamehe, maana ilichekesha. Mtoto mweusi tii wa Kinyangiri anamlilia Mzungu mwenye kofia.

"Damari!" aliita Simeoni. "Baba niko hapa!"

Lakini mdomo ulikuwa kwenye maikrofoni bado, na sauti ikatokea kule kwenye spika, kando ya shuka. Mtoto akazidi kulivuta shuka.

"Yule siye mimi," alimwambia Kristina, kama vile Kristina ndiye asiyejua. "Kwa nini anamwita yule?"

"Anauliza kila siku baba yuko wapi," alisema Kristina, ameshusha maikrofoni, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani. "Tulimwambia baba yako yuko kwenye sinema. Ulitaka tumwambie uko wapi?"

Mkanda ukaisha. Bwana Haraka akatoweka, na shuka likabaki jeupe, lina mwanga tu na mshono katikati. Alphonce akainama kutafuta rili ya pili. Watu wakainuka kunyoosha miguu na kusimuliana upya habari ya mwamvuli.

Simeoni akaenda. Alipita mbele ya mama mkwe wake bila kuinamisha macho, wala hakukumbuka kuomba radhi, na yule mama akavuta miguu yake kumpisha. Alipofika kwenye shuka akachuchumaa. Alitaka kusema kitu. Mtu aliyejaza maneno kwenye midomo ya Ulaya nzima alichuchumaa pale hana hata neno moja.

Damari alimwona. Akajifuta kamasi kwa mkono, na kama alivyofundishwa kuwafanyia wageni wote, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Simeoni.

Nyuma yao Alphonce alikuwa anauliza aianze rili ya pili au asubiri, mfasiri hayupo. Wakasikia spika ikikwaruza, halafu sauti ya Kristina: "Anza. Nitasema mimi."

"Baba ameenda," alisema Damari, akionyesha shuka.

"Nimeona."

Mtoto akamtazama. Akasogea kidogo, akakunja uso. "Wewe unaongea kama baba."

"Hajaenda," alisema Simeoni, na hakuwa anamfasiri mtu. "Jumatatu haendi popote. Ana miti ya kukata."

Damari alilifikiria hilo. Halafu akakaa chini mchangani, akapapasa mahali pembeni yake.

"Basi kaa," alisema, "tumngoje." Simeoni akakaa.